Mke wako na nyuki wako wanakuambia kitu kimoja

SWALI: Shikamoo mzee. Mi ni mwalimu wa sekondari hapa Tabora mjini, nakaa Ipuli, kwetu ni Kisarawe. Mwaka juzi nilianza kufuga nyuki, sio kwa biashara sana, ni kupenda tu. Nikakopa laki tisa kwenye kikoba, nikachongesha mizinga 12 ya kisasa, nikaitundika Sikonge kwenye msitu wa kijiji anapokaa rafiki yangu. Mpaka leo iliyoingia nyuki ni mitano. Disemba iliyopita nikiwa likizo nilirina yote mitano nikapata ndoo moja na nusu ya lita 20, ile nzima nikamuuzia jamaa kwa hesabu ya kilo 20. Kufika februari makundi matatu yamehama. Kila jumamosi naenda kufungua niangalie shida ni nini lakini sioni. Mke wangu anasema nyuki wamekula ada ya mtoto na jumamosi zake zote, walimu wenzangu ofisini wananiita Baba Nyuki. Nimechoka mzee, ila nikikaa wiki mbili bila kwenda porini nakuwa mkali darasani mpaka nyumbani. Niuze mizinga, au niilete hapa nyumbani maana uwanja upo kidogo?

JIBU: Marahaba mwalimu, hawajambo huko Ipuli? Kumbe ni mtani wangu wa Kizaramo, babu zetu Wanyamwezi walitembea kwa miguu kutoka huku mpaka Bagamoyo na pembe za ndovu mabegani, leo mjukuu wenu anapanda basi kuja kututundikia mizinga kwenye miti yetu. Haya karibu, ila ukirina ujue watani tuna fungu letu na hatuombi, tunachukua.

Jibu kwa kifupi alafu tutaenda taratibu. Usiuze mizinga yote, usilete nyuki wanaouma nyumbani, na hizo safari za kila jumamosi acha kuanzia wiki hii. Najua hilo la mwisho litakuuma kuliko kuumwa na nyuki wenyewe maana ndo sehemu unayopumulia, ila swali lako nimelisoma mara mbili na kitu ninachokiona ni kwamba mke wako anataka upunguze kwenda porini, nyuki wako nao wanataka hivohivo, tofauti ni kwamba mama anasema kwa mdomo na nyuki wanasema kwa kuhama.

Hebu tuangalie hiyo jumamosi yenyewe. Unafika saa nne tano hivi jua limeshachoma, unavaa, unawasha bomba la moshi, unafunua mfuniko, unavuta kiunzi kimoja kimoja, ile mbao ya juu inayoshika sega, unachungulia, unarudisha, unaenda mzinga wa pili. Wewe unaona umefanya ukaguzi. Sasa nyuki wao pale kwenye majana, yaani mayai na watoto wao, wanatunza joto la nyuzijoto 34 mpaka 35 usiku na mchana, ukifunua hivo linapungua na inabidi wahangaike kulirudisha. Na ule moshi kazi yake sio kuwalewesha kama watu wanavodhani, nyuki akisikia moshi anaona moto wa msitu umekuja, anakimbilia kwenye sega anajaza tumbo asali tayari kwa safari, ndo maana anakuwa mpole, yuko bize anafungasha. Kwa hiyo kila wiki unawaambia fungasheni, fungasheni, alafu siku wameamua kweli unashangaa wameenda wapi. Nyuki wetu hawa wa Afrika sio kama wale wa Ulaya ambao unaweza kuwafungua fungua wakavumilia, hawa wetu wamezaliwa kwenye nchi ya moto na ukame na nyegere, yule mnyama mla asali, kuhama kwao ni jambo dogo sana, wakiona usumbufu umezidi wanaondoka na malkia wao na hakuna wa kuwadai kodi.

Kwa hiyo fungua mzinga ukiwa na sababu. Sababu yenyewe unaipata kwa nje, na hapa ndo naomba unisikilize vizuri maana hii ndo starehe yenyewe ya kufuga nyuki na wengi wanaikosa kwa haraka. Chukua kigoda, kaa pembeni ya mzinga, sio mbele ya mlango, pembeni, mita tano sita hivi, na chupa yako ya chai, angalia mlangoni tu. Utaona nyuki wanaorudi wamebeba vidonge vya chavua kwenye miguu ya nyuma, njano, vingine rangi ya machungwa, vingine karibu vyeupe kutegemea na ua. Wakiingiza chavua kwa wingi jua ndani kuna majana yanalishwa, maana yake malkia anataga, huna haja ya kufunua chochote, nenda zako nyumbani. Ukiona wanaingia mikono mitupu siku nzima wakati porini kuna maua, au wamezubaa tu mlangoni, hapo anza kujiuliza. Angalia chini ya mzinga kama kuna majana yametupwa. Angalia waya wa kutundikia kama kuna msafara wa sisimizi unapanda. Ukiona uzi uzi kama utando wa buibui unachungulia mlangoni hao ni nondo wa nta, kundi limeshakuwa dhaifu au limeshaondoka. Nusu saa ya kukaa vile inakupa habari nyingi kuliko kufunua, na kichwa kinapoa zaidi maana mtu anayepigana na nyuki ndani ya nguo nzito saa sita mchana hapumziki huyo, anahangaika.

Nyuki mfanyakazi kutoka yai mpaka kutoka kwenye kijumba chake ni kama wiki tatu hivi. Ukienda kila baada ya wiki tatu ukakaa na kigoda chako unakuwa umekutana na kizazi kipya kila safari na hujapitwa na kitu. Hapo jumamosi mbili kati ya tatu umezirudisha kwa mwenyewe.

Sasa Disemba. Hapa naomba nikukwaruze kidogo mtani. Wewe umerina kwa kalenda ya wizara ya elimu, nyuki wana ya kwao. Huku kwetu miti ya mitundu na miyombo mingi inachanua kabla ya mvua, Septemba Oktoba huko wakati majani mapya bado mekundu, nyuki wanajaza, ikifika Novemba mwishoni Disemba asali ipo kweli, sio uongo uliikuta. Lakini baada ya hapo kinakuja nini? Januari na Februari mvua zinapiga, nyuki hatoki, maua yaliyopo yanaoshwa, kundi linaishi kwa akiba. Wewe umechukua ndoo moja na nusu kwenye mizinga mitano, ni kama kilo 8 kila mzinga, kwa msimu mdogo na makundi machanga hiyo ni akiba yote, pengine na majana umekata humohumo. Walikuwa na mwezi mmoja wa kula upepo alafu wakaondoka, na wewe mwenyewe umesema walihama kufika februari, hesabu imejikamilisha.

Msimu mkubwa kwetu ni ule wa baada ya mvua. Machi mpaka Mei kuna maua ya kutosha, miti mingine ya miombo inachanua, magugu mashambani yanachanua, alafu mvua ikikata asali inakauka vizuri kwenye masega, na kuanzia Mei mwishoni mpaka Julai watu wanarina. Na wewe likizo ya Juni si unayo? Basi Mungu amekupendelea, kazi yako na nyuki vimekutana hapo. Rina Juni. Disemba ukitaka kaonje, chukua sega mbili tatu za pembeni kwenye kundi lenye nguvu kwa ajili ya watoto na chai ya krismasi, mengine yote waachie. Hata Juni usikombe, acha theluthi moja hivi, na sega lenye majana usiliguse kabisa, yale ndo wafanyakazi wako wa mwezi ujao.

Utajuaje sega liko tayari: angalia vijumba vimefunikwa na nta kwa juu, kama sehemu kubwa, robo tatu hivi, imefunikwa, kata. Kama iko wazi wazi ilaze kwa upande itikise kidogo, ikidondoka matone kama maji bado hiyo, unyevu uko juu, ukiipeleka nyumbani itachacha baada ya muda na mfuniko wa ndoo utavimba. Kiwango kinachokubalika kwa asali ni unyevu usiozidi asilimia 20, kuna kifaa kidogo cha kupimia, ukienda Chuo cha Ufugaji Nyuki pale pale mjini kwenu waulize wakuoneshe kinavotumika. Kwa kweli mtu anayekaa Tabora mjini anafuga nyuki na hajawahi kuingia geti la kile chuo namshangaa, watu wanatoka mikoa ya mbali kuja kusoma pale.

Ile ndoo uliyouza. Asali ni nzito kuliko maji, lita moja inakaribia kilo moja na nusu kasoro, yaani kama kilo 1.4. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kama kilo 28. Jamaa amekulipa kilo 20 akaondoka na kilo 8 za bure, na naamini alikuwa anajua, wanunuzi wa asali huku hawakosei hesabu za upande huo. Uza kwa mizani, au kama ni lita basi bei iwe ya lita, usichanganye. Hiyo ya bure ingekuwa inalipa marejesho ya kikoba ya wiki kadhaa.

Mizinga saba isiyoingia nyuki hiyo nina wasiwasi na fundi wako. Chukua rula ya darasani, pima upana wa kiunzi kimoja, zile mbao nyembamba za juu ambazo masega yananing'inia. Kwa nyuki wetu inatakiwa milimita 32, na sio karibu na hapo, ni 32. Mafundi wengi wanachana mbao ya inchi moja na nusu kwa sababu ndo iliyopo, hiyo ni milimita 38, nyuki akiingia anaanza sega kwenye kiunzi cha kwanza, la pili linasogea kando, la tatu linakaa ukingoni, la nne linaangukia katikati ya viunzi viwili, ukija kuvuta unapasua, asali inamwagika, majana yanakufa, malkia anaweza kubanwa akafa, na hapo tena nyuki wanahama unasema nyuki wabaya. Nimeona mizinga mizuri ya mninga imepigwa msasa mpaka inang'aa, bei juu, viunzi vyote vibovu. Kama vyako ni vipana usitupe mzinga, piga randa viunzi tu, ni kazi ya nusu siku kwa fundi na gharama ndogo. Kama ni vyembamba kuliko 32 chongesha vingine.

Alafu nusa ndani. Ndio, ingiza pua. Ukisikia harufu ya rangi au vanishi au dawa ya mbao, nyuki naye anaisikia na pua yake ni kali kuliko yako. Ndani ya mzinga hapapakwi kitu. Kwarua, anika juani, mlango wazi, baadae yeyusha nta kidogo, nta safi ya nyuki sio mshumaa wa dukani, pitisha mstari mwembamba katikati ya kila kiunzi kwa chini, na nyingine pakaa mlangoni. Wazee wetu wa mizinga ya magome na magogo walikuwa wanafanya hivohivo na nta na utomvu na mizinga yao inaingia nyuki wiki ya kwanza wakati boksi lako la laki kasoro linakaa miaka miwili, sisi wasomi tukabaki tunawaita watu wa asili. Mzinga uwe tayari umetundikwa na chambo kufikia Agosti, kabla miyombo haijachanua, maana makundi yanapogawanyika na kutafuta makazi ndo wakati huo na ule wa baada ya mvua. Mzinga unaotundika Disemba unasubiri.

Kivuli, maji karibu, mwelekeo wa mlango usipigwe na upepo, haya najua umeshaambiwa. Nitasema mawili tu ambayo watu wa mjini wanasahau. Moja ni moto, kuanzia Julai mpaka Oktoba misitu yetu inaungua karibu kila mwaka, fyeka na kwangua chini ya mizinga mduara mpana pabaki udongo mtupu. Pili nyegere, huyo ukimtundikia mzinga kwenye shina anapanda, mzinga uning'inie kwa waya katikati ya matawi mawili, mbali na shina, urefu wa kiuno ili wewe ufanye kazi umesimama, na kwenye waya zungushia kitambaa chenye grisi sisimizi wasipite. Mizinga yenye miguu tumia makopo ya oili chafu. Bas. Na kama jirani wa huo msitu analima tumbaku, ongea nae ujue anapuliza dawa lini, huko Sikonge na Urambo hilo ni jambo la kawaida na nyuki wengi wanapotea hivo bila mwenyewe kujua, anafika anakuta wamelala chini mlangoni amesingizia uchawi.

Sasa kuileta nyumbani. Ipuli ni makazi ya watu mwalimu, una jirani, una watoto wanaopita kwenda kisimani, kuna mama anakaanga vitumbua asubuhi. Nyuki hawa wakichokozwa hawachagui aliyewachokoza, yule wa kwanza akichoma anaacha harufu kama ya ndizi mbivu na harufu ile ndo inawaita wengine wote, nimeshuhudia mbuzi amefungwa kamba karibu na mzinga, hakuwa na pa kukimbilia. Usijaribu. Mtu mwenye mzio anaweza kuchomwa na nyuki wachache tu pumzi ikabana, huyo ni hospitali moja kwa moja hamna kungoja, na jirani yako hawezi kujua kama ana mzio mpaka siku hiyo. Kabla ya kuweka mzinga popote karibu na nyumba za watu pita kwa afisa nyuki wa halmashauri, ufugaji wa nyuki una sheria yake toka 2002, sio jambo la kujiamulia tu.

Ila kwa uwanja wako mdogo kuna kitu kizuri. Nyuki wadogo wasiouma. Hao hawana mwiba wa kukuchoma, wakikasirika sana wataingia kwenye nywele na masikio wakutekenye. Unawaweka kwenye kiboksi kidogo au kigogo kifupi chini ya paa au kwenye mwembe, watoto wako wanasimama pale wanaangalia kile kimlango chao cha nta kama bomba dogo, wanaingia wanatoka. Asali yao kidogo sana, nyepesi, ina ukakasi wa uchachu, na bei yake kwa lita inaizidi ile ya kawaida kwa mbali maana watu wanaitafuta kama dawa. Usiihesabu kwenye bajeti ya nyumba, lakini kwa mtu kama wewe anayesema akikaa wiki mbili anakuwa mkali, hiyo ndo dozi yako ya katikati ya wiki, umerudi kazini umesahihisha madaftari, unatoka na kikombe unakaa pale dakika kumi. Na mama yupo anakuona.

Tuje kwake sasa. Naandika kama mfugaji sio kama mshenga, ila hili nimeliona kwenye nyumba nyingi za wafuga nyuki na wakulima wa wikiendi kwa hiyo nitasema. Mke wako hajalalamikia nyuki, amelalamikia ada na jumamosi, ni vitu viwili ambavyo vina majibu. Ulikopa laki tisa kwenye kikoba, na nina uhakika mdhamini wako ni yeye au jina lake liko mle ndani, wanachama wenzake wanamuuliza, wewe uko Sikonge unanusa maua. Kaa nae chini na daftari, sio maneno, daftari: mkopo ulikuwa huu, marejesho yamefika hapa, nauli za mwaka mzima ni hizi. Ukijumlisha nauli za basi na bodaboda za kila jumamosi, kilomita kama 70 kwenda na 70 kurudi, naogopa utakuta nauli imezidi asali. Mwoneshe tu hivohivo hata kama inauma. Alafu toka siku hiyo ada isiguse nyuki na nyuki wasiguse ada, mizinga inunuliwe kwa hela ya asali peke yake, kama asali haijatoa hela basi hakuna mzinga mpya, hata fundi akuite akwambie ana mbao nzuri.

Na tafadhali usije na ile akili ya kwamba utamtuliza kwa kumpa biashara ya kufungasha asali. Watu wanaona ni zawadi, kumbe umemwongezea kazi, masega yakifika nyumbani jikoni kunanata kuanzia sakafu mpaka kitasa cha mlango, sisimizi wiki nzima, na huyo mtu ana kazi zake. Kama akitaka mwenyewe sawa, na hela ya alichouza iwe yake. Kama hataki, chuja mwenyewe, usiku umefunga madirisha maana nyuki wa mtaa mzima watakuja wakisikia harufu, tumia kitambaa safi na ndoo yenye mfuniko mzuri ambayo haijawahi kukaa kitu kingine chochote chenye harufu, usichemshe asali motoni ili ichujike haraka, na osha jikoni mwenyewe kabla hujalala. Mabaki ya masega usitupe, weka kwenye maji ya moto, yeyusha, chuja, nta inaganda juu, hiyo ndo chambo cha mizinga yako saba na huhitaji kuinunua.

Kuhusu umbali, ningekuwa wewe ningepunguza. Yale makundi mawili yaliyobaki yaache Sikonge hukohuko, hayo yameshazoea na yamevumilia mtu anayewafungua kila wiki, ni watu wazuri hao. Mpe rafiki yako kazi rasmi ya kuangalia, mkubaliane kabla ya msimu, sehemu ya asali ni yake, sio kumpa soda ukifika. Mlinzi mwenye fungu lake anauliza nani amepita huku, asiye na fungu anaweza kuwa ndo mpita huku mwenyewe. Mizinga mitatu minne kati ya ile mitupu ilete karibu, tafuta mtu mwenye shamba lenye miti Uyui au pembezoni mwa manispaa, mahali unapofika kwa baiskeli au bodaboda ya muda mfupi, ukae na kigoda chako urudi kabla ya chakula cha mchana. Nyuki anatafuta maua mpaka kilomita tatu hivi kutoka kwenye mzinga, kwa hiyo usiangalie shamba tu, angalia na kilichopo kuzunguka, miembe ya Tabora hii nayo inasaidia. Ila hifadhi za serikali usiingie na mizinga bila kibali, uliza TFS kwanza, wale Wakala wa Huduma za Misitu. Mizinga mitupu itakayobaki ukiona huna pa kuiweka uza hiyo, punguza deni la kikoba, hapo hata mama ataona hatua.

Walimu wenzako waache wakuite Baba Nyuki, ukirina Juni watakuwa wateja wa kwanza na watataka kukopa, usikopeshe asali ofisini.

Na jumamosi hii ukiwa umebaki nyumbani kama nilivosema, mtumie ujumbe rafiki yako wa Sikonge akupimie viunzi kwa rula kwenye mizinga mitupu miwili tu, akutumie picha. Kama ni 38 mpigie fundi uliyemlipa, akurekebishie bila kukudai hela nyingine, na ukienda kwake nenda na rula mkononi.